Heshima kwa Maandiko na Laana Isiyoandikwa

Iko heshima kwa Maandiko Matakatifu ambayo ni woga uliovishwa kanzu. Mwenye heshima hiyo hukibusu kitabu, hukifukizia ubani, hukiweka mahali pa juu nyumbani mwake, wala hakisomi. Akiulizwa juu ya aya ngumu husema kuwa hayo ni ya mapadre. Padre akiulizwa husema kuwa hayo ni ya mabingwa. Bingwa akiulizwa hujibu kwa Kilatini. Aya hubaki imefungwa, lakini hukumu inayodhaniwa kuwa imo ndani yake hutembea barabarani mchana, huingia sokoni, shuleni na kilabuni, wala hakuna aiulizaye cheti. Wilaya za Ngara na Biharamulo, katika pembe ya kusini ya mkoa wa Kagera, zina haki ya kuilalamikia heshima ya namna hiyo kuliko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, maana aya moja ambayo haikusomwa kwa uaminifu imepita katika ardhi yake mara mbili: mara ya kwanza katika mzigo wa msafiri, na mara ya pili juu ya maji ya mto.

Aya yenyewe ni ya Nuhu na wanawe, katika Mwanzo, sura ya 9. Wakristo wengi, na hata wasomi ambao hawakanyagi kanisani, wana yakini kuwa Hamu alilaaniwa na kuwa mtu mweusi ni mtoto wa Hamu. Yakini yao ni kubwa kwa sababu hawajaisoma. Sura hiyo huanza kwa baraka: Mungu anambariki Nuhu pamoja na wanawe wote, na Hamu yumo. Halafu Nuhu anapanda mizabibu, anakunywa, analewa, analala uchi hemani mwake. Hamu anamwona na kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanamfunika baba yao huku wametazama nyuma. Nuhu anapoamka analaani. Anamlaani nani? Anamlaani Kanaani, mwana wa Hamu, ambaye katika kisa chote hakutajwa kuwa ametenda lolote. Maneno ya laana na baraka yamo katika aya tatu, ya 25 hadi ya 27. Jina la Kanaani limo humo mara tatu. Jina la Hamu halimo hata mara moja. Tena Mungu hasemi neno: asemaye ni mzee aliyeamka kutoka katika ulevi wake. Wakulima wa Ngara, ambao migomba yao imewapa pombe tangu enzi za mababu, hawahitaji bingwa wa kuwafundisha tofauti iliyopo kati ya amri ya Mungu na kauli ya mzee aliyeamka kichwa kikimuuma.

Sura inayofuata huwataja wana wa Hamu kuwa ni wanne: Kushi, Misri, Puti na Kanaani. Kushi ndiye ambaye jina lake lahusiana na nchi zilizo kusini ya Misri, nchi za watu weusi, na Kushi hakulaaniwa na yeyote. Kizazi cha Kanaani kimewekewa mipaka yake pale pale, kutoka Sidoni mpaka Gaza. Hakuna mpaka katika orodha hiyo unaofika mto Kagera. Msomaji mwaminifu huona upesi kuwa kisa hiki ni cha Israeli na majirani zake Wakanaani, ambao walishindania nchi moja, na kuwa aliyekiandika alikuwa na ugomvi huo mbele ya macho yake.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nili, alipita katika nchi ambayo wasafiri waliiita Usui, yaani Rusubi, ambayo leo imo katika sehemu za Biharamulo na Ngara. Alikasirishwa sana na hongo aliyotozwa na mtawala wake, ambaye yeye alimwandika kwa jina la Suwarora, na hasira hiyo imejaa kurasa nyingi za kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Lakini hongo ya Suwarora ilikuwa nyepesi kuliko ile ambayo kitabu hicho kiliitoza Afrika. Katika utangulizi Speke aliwaambia wasomaji wake kuwa wakimtazama Mwafrika wamkumbuke Hamu aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa wa ndugu zake, na kuwa hali ya Mwafrika ni ushahidi ulio hai wa ukweli wa Maandiko. Katika sura nyingine ya kitabu hicho hicho aliandika kuwa Wahima, waliotawala nchi za maziwa, walitoka Uhabeshi na walikuwa na damu ya Shemu iliyochanganyika na ya Hamu. Ndiyo maana, kwa fikira yake, walijua kutawala.

Alipofika Karagwe, jirani wa kaskazini, alimweleza mfalme Rumanika kuwa ukoo wake umetoka Uhabeshi na kwa mfalme Daudi, ambaye nywele zake, kwa kauli ya Speke, zilikuwa zimenyoka kama za Speke mwenyewe. Kitabu cha kwanza cha Samweli chausifu uso wa Daudi na macho yake. Juu ya kunyoka kwa nywele zake hakina habari. Rumanika alifurahi, naye akauliza Waarabu na Wazungu wanatofautiana nini katika dini. Aliambiwa kuwa Wazungu wanacho Kitabu kilicho bora, na dalili ya ubora huo ni kuwa wao wamefanikiwa zaidi. Leo yuko mhubiri mwenye spika mbili na jenereta ambaye husema neno hilo hilo katika kituo cha mabasi, naye hudhani amefunuliwa jambo jipya.

Speke hakuwa Mkatoliki, na msomaji Mkatoliki asijifariji kwa hilo. Mwaka 1870, katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, Daniele Comboni aliandika ombi kwa maaskofu wa dunia kwa ajili ya watu weusi wa Afrika ya Kati. Alikuwa mtu aliyewapenda Waafrika mpaka kufa kwake Khartoum mwaka 1881, na Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2003. Hata hivyo katika ombi lile la huruma laana iliyowalemea wana wa Hamu imetajwa kama jambo lijulikanalo. Mwaka 1873 Roma ilitia rehema katika sala iliyomwomba Mungu aiondoe laana hiyo katika mioyo ya watu wa Afrika ya Kati. Watu wema walipiga magoti wakaomba waondolewe wenzao laana ambayo hakuna aliyewalaani. Jambo hili lataka kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa latoboa udhuru unaopendwa sana, udhuru wa nia njema. Nia ya Comboni ilikuwa njema kuliko ya wengi wanaomhukumu. Kilichopungua ni kidole kimoja cha kufuata mistari ya aya ya 25 na kuona ni jina la nani limeandikwa pale.

Baadaye jina la Hamu liligeuzwa kama nguo. Katika karne ya 20 wataalamu wa Ulaya waliacha kuliita jina la watumwa wakalifanya jina la watawala: Wahamu wakawa ndio walioleta katika Afrika kila kitu kizuri, ng'ombe, chuma na ufalme, nao wengine wakawa wapokeaji tu. C. G. Seligman aliyaandika hayo mwaka 1930 katika kitabu juu ya mataifa ya Afrika kilichosomwa vyuoni kwa miaka mingi. Katika Rwanda na Burundi mafundisho hayo yaliingia shuleni, na shule nyingi zilikuwa za misioni. Watutsi wakaambiwa kuwa ni Wahamu waliotoka mbali na kuzaliwa kutawala. Wahutu wakaambiwa kuwa ni wenyeji waliozaliwa kutawaliwa. Mtu mwenye akili angeuliza: ikiwa jina moja katika kitabu kimoja laweza kuthibitisha utumwa leo na ufalme kesho, je, jambo hilo latoka kitabuni au latoka mfukoni mwa msomaji? Wachache waliuliza. Kitabu kiliheshimiwa mno.

Tarehe 22 Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera aliuhutubia umati kuwa Watutsi kwao ni Uhabeshi, na kuwa watapelekwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Hakuwa ametunga nasaba hiyo, aliikuta tayari. Maji ya Nyabarongo huingia katika Akagera, na Akagera hupita Rusumo, kwenye maporomoko yaliyo mpakani mwa Rwanda na wilaya ya Ngara, kisha hushuka hadi ziwa Viktoria. Mnamo Aprili na Mei 1994 watu wa Ngara waliokwenda darajani Rusumo waliona maiti zikianguka na maji, mchana na usiku, na maelfu yao yakafika ziwani yakazikwa na wavuvi na wanavijiji wa Uganda. Hakuna mwenye akili atakayesema kuwa aya za Mwanzo ndizo zilizoua. Walioua ni watu, wenye serikali, redio, mapanga, hofu, na ugomvi wa ardhi na madaraka. Walakini uongo juu ya asili ya jirani ulikuwa umekwisha kusafishiwa njia kwa zaidi ya miaka mia moja, na miongoni mwa mifagio iliyotumika ulikuwamo usomaji wa Maandiko uliofanywa bila kuyasoma.

Waliouawa na walioua aghalabu walikuwa wa parokia moja. Katika kanisa la Nyarubuye, upande wa pili wa mpaka, si mbali na Ngara, maelfu waliuawa katikati ya Aprili 1994 pale walipokimbilia kwa kuwa ni nyumba ya Mungu. Tarehe 28 na 29 Aprili watu karibu robo milioni, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, wakapiga kambi Benaco. Na ndani ya umati huo walikuwamo wasio na hatia pamoja na wale ambao mikono yao haikuwa imekauka. Walikaa mpaka Desemba 1996. Wengi wao walikuwa Wakristo waliobatizwa, wenye rozari na vitabu vya sala.

Hapo ndipo inapotakiwa kuulizwa heshima kwa Maandiko ni nini. Wako wanaojibu kuwa heshima ni kutouliza: imeandikwa, basi. Wakatoliki wa upande huu hudhani kuwa wanalilinda Kanisa, ilhali Kanisa limekwisha kuwakatalia. Papa Pius wa 12, katika waraka wake wa mwaka 1943, aliwaagiza wafasiri watafute kwanza mwandishi mtakatifu alitaka kusema nini, kwa desturi na lugha ya zama zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965, ulirudia agizo hilo, ukaongeza kuwa hata mamlaka ya kufundisha ya Kanisa haiko juu ya neno la Mungu bali hulitumikia. Na Tume ya Biblia ya Kipapa, katika maandiko yake ya mwaka 1993, iliwalaumu wale wanaong'ang'ania neno lililo wazi bila kutaka kujua limetoka wapi, ikafika kusema kuwa njia yao humwalika mtu aiue akili yake. Hayo yalitolewa Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya watu kusongamana darajani Rusumo.

Unyenyekevu basi hauko katika kufumba macho. Mnyenyekevu ni yule anayekubali kuwa kitabu chaweza kukataa kusema analolitaka yeye. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Hippo, alifundisha kuwa anayedhani ameyaelewa Maandiko, na ufahamu wake haujengi mapendo ya Mungu na ya jirani, bado hajayaelewa. Kipimo hicho chatosha kuivunja laana ya Hamu hata kwa asiyejua Kiebrania. Na ajabu ni kwamba Agostino mwenyewe, alipoandika juu ya mji wa Mungu, aliitumia habari ya Nuhu kueleza utumwa ulivyoanza duniani, ingawa alisema kuwa hilo lilitokana na dhambi wala si maumbile. Wakubwa nao hupimwa kwa kipimo walichokitoa.

Liko jaribu la pili, nalo ni la watu wapole. Zaburi ya 137 ni wimbo wa wakimbizi: wamekaa kando ya mito ya nchi ya kigeni, wanalia wakikumbuka kwao. Yafaa Benaco kana kwamba iliandikwa pale. Lakini mwisho wake humwita heri mtu atakayewakamata watoto wachanga wa adui na kuwapiga juu ya mwamba. Katika Sala ya Kanisa iliyotengenezwa upya baada ya Mtaguso, mistari hiyo imeachwa, pamoja na zaburi tatu nzima, ya 58, ya 83 na ya 109. Na sababu iliyotolewa mwaka 1971 ni kuwa zingeusumbua moyo wa mwenye kusali. Kuiacha mistari hiyo katika sala ya pamoja kwaweza kutetewa. Mjane aliyepoteza watoto hakwenda kanisani ili akumbushwe mwamba. Walakini kuiacha katika sala si ruhusa ya kusema kuwa haimo. Padre anayewafundisha vijana Zaburi hiyo akakomea kwenye machozi amewadanganya, naye amewanyang'anya jambo kubwa: kuwa Biblia haikuwaficha wateswa wanaotamani kutesa. Katika wilaya ambayo imewapokea waliokimbia kisasi na waliokuwa wakikipanga, katika kambi moja na kwenye foleni moja ya maji, aya ile ni ya thamani kuliko hotuba nyingi za upatanisho. Yasema kuwa aliaye kando ya mto leo, kesho aweza kushika jiwe.

Tena uaminifu hauachiliwi hata pale jambo linapokuwa jema. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alihamia katika kijiji cha ujamaa akaishi na wanakijiji na kushika jembe. Alifundisha kuwa Utatu Mtakatifu haukufunuliwa kuwa kitendawili cha kuteguliwa bali kuwa maisha ya kushirikiana, nayo ni miongoni mwa fikira bora zilizotoka katika Kanisa la Afrika. Wakati huo Matendo ya Mitume yalitajwa sana, hasa mahali pasemapo kuwa waamini walikuwa na vitu vyote shirika. Ilikuwa halali kuyataja. Lakini mwezi wa Novemba 1973 kuhamia vijijini kulifanywa amri, ikamilike kabla ya mwisho wa 1976, na katika sehemu nyingi za nchi watu walihamishwa kwa nguvu. Mwenye kuibariki amri hiyo kwa Matendo, sura ya 4, alipaswa kufunua ukurasa unaofuata. Pale Petro anamwambia Anania kuwa shamba lilikuwa lake kabla ya kuuza, na fedha ilikuwa katika uwezo wake baada ya kuuza. Kosa lake lilikuwa uongo, si kumiliki. Ushirika wa Mitume ulikuwa wa hiari. Anayesoma sura ya 4 akaificha ya 5 afanya kazi ile ile aliyoifanya Speke, ijapokuwa atetea maskini.

Wasomi wa vyuo wataisoma habari hii na kutabasamu, wakidhani imeandikwa juu ya makatekista. Sivyo. Yuko msomi ambaye, kwa kuwa amejifunza kuwa Mwanzo ina mikono mingi ya waandishi, huitendea kama maiti juu ya meza ya tabibu. Huikata, huiandikia namba, wala haimwulizi yeye kitu. Yuko na yule asemaye kuwa kwa sababu ya laana ya Hamu Biblia ni kitabu cha Wazungu na itupwe. Huyu wa mwisho astahili kuhurumiwa zaidi, maana amemwamini Speke. Kati ya wote waliodanganywa na utangulizi ule wa 1863, yeye ndiye mwanafunzi mtiifu kupita wote: bado asadiki kuwa kitabu kilisema kile ambacho msafiri alisema kilisema.

Dawa haihitaji fedha wala chuo. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikubaliana katika mikutano yao ya 1973 na 1976 kuwa Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, ambazo wanajumuiya wake hukutana nyumba kwa nyumba na kuisoma Injili ya Jumapili ijayo. Utaratibu huo ni mzuri, ila una pengo. Mkatoliki asikiaye Maandiko katika Misa tu hatasikia laana ya Nuhu maishani mwake. Katika juma la 6 la mwaka, miaka ya masomo ya kwanza, siku ya Alhamisi husomwa Mwanzo 9 tangu aya ya 1 hadi ya 13, na upinde wa mvua waonekana mawinguni. Ijumaa yake husomwa mnara wa Babeli, sura ya 11. Kilicho katikati kimerukwa. Laana inayojulikana kuliko zote ndiyo isiyosomwa, na kwa kuwa haisomwi, hakuna awezaye kumkanusha aisimuliaye vibaya kilabuni.

Aya hizo ni kumi, ya 18 hadi ya 27, nazo huisha kabla chai haijapoa. Katekista yeyote wa Rulenge au wa Nyakahura aweza kuzisoma kwa sauti mbele ya jumuiya yake, polepole, bila kuongeza neno, kisha awaulize walioketi juu ya benchi na mikeka mambo mawili: ni nani aliyelaani, na ni nani aliyelaaniwa?